Nikilala tu, kooni kunalia kama chura. Mke wangu kawasha tochi kumtafuta

Korosho Ghafi (mwanzisha uzi), 9 Julai, saa 6:12 usiku

Wakuu, salaam.

Niko Mtwara mjini, Chikongola. Kazi yangu ni karani wa ghala la korosho, umri miaka 34, mke mmoja, watoto wawili. Sigara sivuti. Uraka, ile pombe ya mabibo, nilikuwa nagusa msimu ukifika, nikaacha mwaka juzi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtaniuliza.

Shida yenyewe ni hii. Nikipanda kitandani nikalala chali, dakika tano haziishi kooni panaanza kulia. Siyo kukoroma, maana niko macho kabisa na nasikia mwenyewe. Sauti inaanzia hapa kwenye kishimo cha chini ya shingo, inapanda kidogo, inaishia nyuma ya ulimi: kro... krooo... kro-kro. Mdomo nimeufunga. Siumwi, sibanwi, sikohoi. Inalia mara tatu inanyamaza, unasema afadhali imeisha, halafu inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Jumamosi mama watoto alikuwa ametoka kwao Tandahimba, kachoka na safari, akalala mapema. Saa tano usiku akaamka akasema chumbani kuna chura. Nikamwambia hamna, lala. Akawasha tochi ya simu, akainama uvunguni, akasogeza ndoo ya maji, akakung'uta viatu vyangu vya kazini, akavuta hata boksi la nguo za mtoto. Mimi nimelala naangalia dari, naona haya kusema. Wakuu, Julai hii, huku kwetu mvua tumeshaisahau, chura atoke wapi? Amepiga magoti pale na tochi yake, koo langu likalia. Akainua kichwa taratibu, akanimulika usoni. Hakusema neno. Akakaa pale chini muda mrefu.

Tangu siku hiyo analala na watoto.

Naombeni msaada. Hii ni nini?

Pweza Mkavu, 9 Julai, saa 6:20 usiku

Mtwara kuchele! Nimecheka hapo kwenye kukung'uta viatu, nisamehe mkuu. Pole sana. Ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa pale.

Mwana Mikindani, 9 Julai, saa 6:41 usiku

Mkuu usifanye mchezo. Umesema uko ghalani. Msimu uliopita hukugombana na mtu kwenye mizani? Hukumkatalia mtu magunia yake kwamba yana unyevu? Watu wa huku hawasahau. Chura wa kutupiwa analia ukilala tu, ukisimama ananyamaza. Mimi nayajua haya. Kuna mzee anatoa, kwa faragha nitakuelekeza.

Binti wa Mtama, 9 Julai, saa 12:55 asubuhi

Kila kitu kutupiwa. Ukitokwa na jipu, umetupiwa. Baiskeli ikipata pancha, umetupiwa. Kaka Korosho Ghafi, usimpelekee mtu hela yako kwanza.

Salfa Haina Adabu, 9 Julai, saa 1:30 asubuhi

Mimi niko Newala na huu ndio mwezi wenyewe. Nieleze kidogo kwa wasiolima: mikorosho ikianza kuchipua na kutoa maua inaingiwa na ubwiriunga, ule unga mweupe kama majivu, maua yanakauka na korosho hupati. Dawa tuliyoizoea ni salfa ya unga. Tunapuliza kwa mashine ya mgongoni, alfajiri, upepo umetulia na majani yana umande ili unga ushike. Ukimaliza, nyusi njano, pua njano, hata mate njano. Barakoa wengi wanafunga leso tu, wengine hawafungi kabisa.

Mimi miaka mitatu mfululizo, ikifika wiki ya pili ya kupuliza, usiku kifua kinapiga filimbi. Nikilala kinabana, nikikaa nafuu. Nikadhani kikohozi cha baridi, maana Newala huku juu Juni na Julai unalala na blanketi mbili. Kumbe pumu, imeamshwa na salfa. Nimepewa dawa za kuvuta aina mbili, moja ya kufungua kifua kikibana, nyingine ya kila siku hata nikiwa mzima. Hiyo ya pili ndiyo watu wanaiacha wakipata nafuu, na mimi niliiacha nikajuta.

Swali kwako mkuu: ghala lenu wamehifadhi salfa? Au unakaa jirani na mashamba?

Korosho Ghafi, 9 Julai, saa 7:10 mchana

Salfa ipo, mifuko imepangwa ghala la pili, lakini mimi naingia mara moja kwa wiki kuhesabu. Na kifua changu hakibani, nacheza mpira Jumapili dakika tisini. Mwana Mikindani, kugombana na watu kwenye mizani ndiyo kazi yenyewe, sasa nitaanzia kwa yupi?

Mjukuu wa Kitangari, 9 Julai, saa 3:02 usiku

Naomba nieleze ya baba yangu, maana nikisoma "analia akilala" moyo unaniruka.

Mzee alianza hivyohivyo. Usiku kifuani kunachemka kama sufuria ya uji ikikaribia kumwagika. Mto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, mwisho akawa analala amekaa kwenye kiti cha kamba barazani, amejifunika shuka, na sisi tunamtania kwamba mzee amekuwa mlinzi. Duka la dawa moja, silitaji, wakamuuzia dawa ya kuvuta ya pumu. Mwezi mzima. Akivuta haimsaidii wanamwambia hujui kuvuta. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole kishimo kinabaki. Hakuna aliyeangalia miguu, hata sisi hatukuangalia, alikuwa anavaa kanzu.

Kufika hospitali presha iko juu vibaya, moyo umechoka kusukuma, maji yamejaa mapafuni. Akapewa dawa ya kutoa maji, usiku wa kwanza alikojoa hadi alfajiri, na usiku wa pili alilala kitandani kama mtu. Yupo mpaka leo, anakunywa dawa zake, chumvi tumempunguzia anatununia.

Kaka, kapime presha. Na angalia miguu yako.

Tabibu wa Kata, 9 Julai, saa 4:48 usiku

Mjukuu wa Kitangari amesema jambo zito, msilipite. Anayehitaji mito ya kuongezeka, anayeshtuka usiku akitafuta hewa dirishani, miguu imevimba: huyo asisubiri ushauri wa mtandaoni.

Sasa Korosho Ghafi. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya, mkoa wa Lindi, siyo bingwa, hilo lieleweke. Ila haipiti wiki bila mtu kuniletea "kuna kitu kinalia kooni", na nimegundua kuniigizia sauti hakunisaidii. Kila mtu anaigiza paka. Kinachonisaidia ni kujua inalia wakati gani wa pumzi.

Ikiwa filimbi nyembamba ukishusha pumzi, mawazo yangu yanaenda kwenye mirija midogo ya mapafu, pumu na ndugu zake, kama alivyosema mkulima wa Newala. Ikiwa mkwaruzo mkali ukivuta pumzi, hapo njia imebanwa juu, kooni penyewe, na akiwa mtoto mdogo mwenye homa au mtu aliyevimba uso baada ya kula kitu, msingoje kupambazuke. Mchemko wa chini kifuani ni ule wa mzee. Kuna kamasi linaloshuka nyuma ya pua ukilala: linakwaruza na kutatarika, lakini ukikohoa au ukimeza mate linahama. Kuna wanaokoroma, na wapo wachache wanaoguna usingizini wakishusha pumzi, kama ng'ombe, wenyewe hawana habari.

Wewe uko macho na mdomo umefunga. Kwa hiyo fanya hivi usiku wa leo. Lala chali, ikianza kulia bana pumzi kabisa, pua na mdomo, uhesabu mpaka kumi. Halafu uniambie kama imelia ukiwa umebana au imesubiri upumue. Rekodi na simu, uiweke hapa chini ya kidevu, siyo mezani.

Pweza Mkavu, 9 Julai, saa 4:55 usiku

Nimejaribu na mimi kubana pumzi ili tu nione. Kwangu kimya. Uzi huu mtamu.

Kilwa Kivinje, 10 Julai, saa 11:40 alfajiri

Nyie mnaongelea wanaolia wakiwa macho. Mume wangu analia akiwa amelala, na tatizo langu siyo kelele, ni kimya. Anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Nahesabu moja mpaka ishirini na tano. Halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa baharini. Asubuhi kichwa kinamuuma, mchana analala kwenye usukani, na ni dereva huyo. Nifanyeje?

Tabibu wa Kata, 10 Julai, saa 6:15 mchana

Dada Kilwa Kivinje, hiyo ni njia ya hewa kujifunga usingizini. Anaponyamaza hapati hewa. Kama ana unene wa shingo, apungue, pombe za jioni aache, alale ubavu. Kuna mashine ya kusukuma hewa puani usiku lakini lazima apimwe kwanza na wataalamu. Na usiku mmoja mrekodi video ili aamini, wanaume hawaamini. Kuhusu usukani, mwambie leo, usingoje Jumapili.

Korosho Ghafi, 10 Julai, saa 5:33 usiku

Tabibu, nimefanya. Nimelala chali, imeanza, nikabana pua kwa vidole na mdomo nikaufunga. Moja, mbili, tatu... nilipofika saba ikalia. Pumzi nimeibana na chura analia! Krooo, ndefu, halafu kro. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema "Mungu wangu" akarudi zake.

Rekodi ninayo. Ukiisikiliza kwa spika za masikioni inatisha.

Mwana Mikindani, 10 Julai, saa 5:36 usiku

Si niliwaambia? Mtu hapumui lakini kitu kinapumua.

Tabibu wa Kata, 10 Julai, saa 5:59 usiku

Safi sana. Basi tuache mapafu. Sauti isiyofuata pumzi haitoki njia ya hewa, inatoka njia ya chakula. Kooni kuna milango miwili iliyokaribiana, wa hewa mbele na wa umio nyuma, ndiyo maana mtu anadhani kila kinacholia kooni ni pumzi.

Wengi hapo huwa ni tindikali inayopanda. Chakula cha saa nne usiku, ugali wa muhogo na pweza wa pilipili, dakika kumi baadaye kitandani: kitarudi tu. Dalili zake ni kiungulia, uchachu mdomoni, koo kukwaruza asubuhi, kikohozi kikavu. Lala ubavu wa kushoto, tumbo lilivyokaa upande huo linasaidia visipande. Maliza kula masaa matatu kabla ya kulala. Na inua kichwa cha kitanda kwa matofali, kama sentimita 15 hadi 20. Siyo kurundika mito, mito inakukunja kiunoni na kuzidi kusukuma.

Ila kabla sijakubebesha tindikali nina maswali. Mchana inalia? Una kiungulia? Chakula kinapita sawasawa? Umepungua uzito, sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, umetema damu? Na la mwisho, ukinywa soda unacheua?

Korosho Ghafi, 11 Julai, saa 7:25 mchana

Majibu. Kiungulia sina. Chakula kinapita. Uzito ni uleule wa kwenye mizani ya ghala, kilo 71. Sauti nzima, damu hamna.

Mchana: nilikuwa naamini hailii, mpaka leo nilipojitenga nikakaa kimya msikitini baada ya adhuhuri. Inalia. Ghalani sisikii kwa sababu ya makelele ya wapakiaji na malori. Yule jamaa wa pembeni yangu akajisogeza.

Kucheua sijawahi.

Tabibu wa Kata, 11 Julai, saa 7:31 mchana

Hujawahi leo, au hujawahi?

Korosho Ghafi, 11 Julai, saa 7:40 mchana

Sijawahi maishani, tabibu. Wenzangu wakila wakacheua mimi nilidhani wanafanya makusudi, kama mtu anayepiga mluzi. Kwetu tulifundishwa siyo adabu, nikajua mimi nina adabu.

Pweza Mkavu, 11 Julai, saa 7:42 mchana

Chai hii. Binadamu gani hacheui?

Mmakonde Ughaibuni, 11 Julai, saa 2:18 usiku

Siyo chai. Nimejiunga humu miaka mingi nasoma tu, leo nimeingia kwa ajili ya uzi huu, maana mimi ni mwenzake.

Mimi mtoto wa Nanyumbu, naishi Uingereza. Tangu utoto sicheui, wengine mnasema kubeua, ni hilohilo. Soda mimi adui. Harusini nakunywa maji, watu wanadhani nimeokoka. Tumbo linajaa mpaka napumua kwa shida, gesi yote inashuka chini, na kooni vyura. Kwenye usaili wa kazi nimewahi kulia kro mbele ya watu watano. Nimepimwa vidonda vya tumbo, nimepewa dawa za tindikali miaka, hola.

Hali hii imepata jina juzijuzi tu. Kuna daktari wa koo kule Illinois, Marekani, Robert Bastian, mwaka 2019 yeye na mwenzake waliandika kuhusu wagonjwa 51 wa namna hii. Maelezo yake ni rahisi ukiambiwa. Juu ya umio kuna msuli wa mviringo kama kamba ya mfuko wa kufunga kwa kukaza. Muda wote umekaza. Ukimeza unalegea chakula kipite kwenda chini, kisha unakaza tena. Hewa ikitoka tumboni kupanda, kwa watu wa kawaida unalegea tena sekunde moja: mtu kacheua. Kwetu sisi kushuka ni sawa, kupanda haufunguki. Hewa inapanda inagonga mlango, inarudi, inapanda, inarudi. Huko kugonga na kurudi ndiko kulia kwa chura. Kwa kitaalamu wanauita ugonjwa wa krikofarinjeasi kwenda kinyume, maana krikofarinjeasi ndilo jina la huo msuli.

Kwa nini ukilala? Ukikaa, hewa inaelea juu ya tumbo, imetulia. Ukilala chali vinachanganyika, hewa na maji vinatafuta njia. Na usiku kuna kimya. Mimi nikifungulia redio wala sijisikii.

Tiba yake ni sindano ya botoksi kwenye huo msuli, kiasi kidogo sana, unalegezwa kwa miezi kama mitatu. Wale 51 wote walianza kucheua. Na kinachoshangaza ni kwamba dawa ikishaisha nguvu wengi wao wanaendelea kucheua, kama mtoto aliyeshikwa mkono akajua kutembea. Wiki za mwanzo kumeza kunakuwa kuzito, chakula kinasuasua, lazima uwe na subira.

Jiulize na hili: kutapika unaweza?

Korosho Ghafi, 11 Julai, saa 3:50 usiku

Kaka umenitoa machozi. Kutapika kwangu ni vita. Malaria ya darasa la tano nilitamani kutapika siku nzima, inafika hapa inakwama.

Nimempigia mama simu sasa hivi, kalala lakini nimemwamsha. Nimemuuliza, mama, nilipokuwa mchanga nilikuwa nacheua? Akanyamaza. Akasema: "Wewe? Nilikuwa nakuweka begani nakupigapiga mgongo mpaka mkono unakufa ganzi, hutoi kitu. Wadogo zako piga mara mbili tu, tayari. Wewe unanung'unika kooni kama bata. Bibi yako akasema huyu atakuwa mtunza siri." Halafu akaniuliza kwani vipi, umeanza kusema siri za watu?

Binti wa Mtama, 11 Julai, saa 3:58 usiku

Bibi alipima vizuri kuliko sisi wote humu.

Korosho Ghafi, 12 Julai, saa 4:05 usiku

Nimefanya jaribio langu. Nimenunua soda ya tangawizi ya baridi, nikainywa kwa mkupuo nimesimama uani, mwanangu mkubwa ananihesabia. Shingo ikajaa kama ya njiwa. Kifua kikauma mpaka mgongoni. Kro-kro dakika arobaini bila kupumzika, jirani kanyamazisha redio. Juu halikutoka lolote. Lililotoka lilitokea kwingine, na mwanangu alihama upande wa upepo.

Tabibu wa Kata, 12 Julai, saa 4:30 usiku

Usirudie hilo jaribio, limetosha. Mmakonde Ughaibuni, asante. Hali hii sikuwa naijua, darasani hatukuisoma, na leo nimesoma mpaka macho yanawasha. Maelezo ya Korosho Ghafi yanalandana nayo: tangu utoto, hacheui, kutapika shida, tumbo kujaa, na sauti ambayo haijali pumzi.

Hata hivyo sitakupa jibu kwa kusoma maandishi. Nenda hospitali wakupime presha na moyo, waangalie kifua, halafu omba rufaa kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Peleka rekodi. Na usianze na "nina chura". Anza na "sijawahi kucheua tangu nizaliwe".

Mwana Mikindani, 12 Julai, saa 4:41 usiku

Sawa, hospitali nendeni. Lakini na kwa yule mzee pia apite, akitokea huko huko.

Korosho Ghafi, 28 Agosti, saa 2:14 usiku

MREJESHO. Samahani kwa kukaa kimya, kazi za maandalizi ya msimu.

Hospitali ya kwanza, jina naliacha, nilikaa foleni kuanzia saa moja asubuhi. Saa saba daktari ananiuliza tatizo bila kuinua macho. Nikafuata maneno ya tabibu: sijawahi kucheua tangu nizaliwe. Akaandika dawa ya minyoo. Nikasema nina rekodi. Akasema mgonjwa anayefuata. Vidonge nilivinywa, siwezi kuvitupa vimelipiwa.

Nikaenda pengine. Huko dada mmoja mdogo tu, anaonekana katoka chuo juzi, akapima presha (120 kwa 78), akasikiliza moyo, akanilaza, akaweka kile chombo chake shingoni badala ya kifuani. Tukasubiri, na kwa vile kikisubiriwa huwa hakitoki, tukakaa kama dakika saba tunaangaliana. Kikalia. Akaruka! Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwenzake. Nililia kro mbele ya watu wanne na sikuona haya, mara ya kwanza. Akaniandikia rufaa ya Dar.

Safari ya Dar basi la alfajiri. Tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikate ile barabara pale Somanga, mimi nikishapita hapo ndiyo naamini nitafika. Niliyekaa naye siti moja ni mama wa makamo na kikapu cha ming'oko. Baada ya Nangurukuru, basi limenyamaza watu wamelala, koo likaanza. Mama akasikiliza. Akafunua kikapu chake akaangalia ndani. Nikageukia dirishani.

Mtaalamu alinipitishia kamera nyembamba puani mpaka kooni. Inawasha na machozi yanatoka lakini haiumi. Koo safi, hakuna uvimbe. Akaniuliza maswali yaleyale ya humu, moja baada ya jingine, nikawa namjibu kabla hajamaliza. Akasema anaijua hali hiyo kwa kusoma na maelezo yangu yanafanana nayo. Habari ya sindano tumeiongea. Sijaamua, kuna gharama na kuna mambo ya ada za watoto Januari. Haiui, alinihakikishia mara mbili.

Kwa sasa: soda basi, bazoka basi (kutafuna kunamezesha hewa), kula saa kumi na mbili jioni, sili huku naongea. Kitanda nimekiinua kwa matofali mawili kila mguu wa kichwani. Nalala kushoto. Chura hajahama ila amepunguza sauti, analia kama yuko nyumba ya tatu.

Kilwa Kivinje, 28 Agosti, saa 2:40 usiku

Hongera kaka. Wangu nimemrekodi, ameona, amenuna siku mbili, wiki ijayo anaenda kupimwa. Gari amempa mwenzake.

Salfa Haina Adabu, 28 Agosti, saa 3:15 usiku

Na mama watoto amerudi chumbani?

Korosho Ghafi, 28 Agosti, saa 3:21 usiku

Anakuja anasinzia, ikilia ananipiga kiwiko, nageuka. Tunaelewana. Jina la simu yangu kwake ameliandika "Chura".

Korosho Ghafi, 6 Desemba, saa 5:02 usiku

Wakuu, leo Mtwara mvua imepiga tangu alasiri, ya kwanza ya maana. Tumelala, taa zimekatika, nikasikia kro. Mama watoto kiwiko. Nikageuka kushoto. Kro. Kiwiko tena, cha mbavu hasa. Nikamwambia, mama Zai, safari hii wallahi siyo mimi. Akasema nyamaza wewe. Nikabana pumzi, nikamshika mkono nikauweka shingoni kwangu. Tukasikiliza wote wawili gizani. Kro, krooo.

Akawasha tochi. Yuko pembeni ya ndoo, mkubwa kama ngumi, anatuangalia.